Gurudumu la Mama Mkwe

X ya kubomolewa, watu wa barabara walimpigia Mama Kunegunda Alhamisi saa nne asubuhi, na walimpigia akiwa ndani, anajifunga khanga! Alisikia tu brashi inakwaruza ukutani. Kutoka nje anakuta X nyekundu, ndefu kuliko yeye, imeanzia dirishani imeishia kwenye matope.

"Nyie! Hii siyo nyumba," akasema. "Ina magurudumu, hamuoni?"

Kijana mwenye kopo la rangi akainama, akachungulia chini, akainuka. "Mama, chenye magurudumu kinatembea. Hiki kinatembea?"

Sasa shida ndiyo ilikuwa hapo. Ile karavani, kijumba cha bati jepesi cha kukokotwa na gari, Wazungu wawili wazee walimwachia marehemu mume wake, Mzee Raphael, wakaenda zao. Akaiegesha mtaa wa Mshangano nyuma ya nyumba ya jirani, wakaishi humo, mzee akafia humo. Magurudumu makubwa mawili ya katikati ni mazima, ukiyajaza upepo yanakaa. Kibovu ni kile kidogo cha mbele, kinachokaa chini ya pua na kubeba uzito wakati hakuna gari la kuvuta. Kina mpini juu: ukizungusha huku pua inapanda, ukizungusha huku inashuka. Plastiki yake ilishapasuka vipande, bomba lake limepinda, na miaka yote pua imelazwa juu ya matofali matatu. Bila hicho kidogo, hivyo vikubwa viwili ni mapambo.

"Jumatatu saa sita mchana greda linapita hapa kuchonga barabara mpya," kijana alisema, tena kwa upole, na huo upole ulimuuma mama kuliko rangi. "Tukiikuta tunaizoa na kifusi. Samahani sana, mama."

Saa tano Lidwina, binti yake pekee, alishafika na bodaboda, mikono bado ina unga wa ngano. Alimkuta mama yake anaisugua X kwa tambara lenye mafuta ya taa. X haikutoka. Ilisambaa tu, ukuta mzima ukawa wa pinki.

"Shikamoo mama. Acha hiyo. Tunahamia kwangu."

"Marahaba. Kwako wapi?"

"Kwangu, mama! Uwanja upo. Rupert atatengeneza hilo gurudumu, vijana wa jumuiya wanasukuma mpaka barabarani, trekta la Bakili linavuta. Kilomita moja tu."

Mama akaendelea kusugua. "Nikakae uwanjani kwa mkwe wangu. Nikitoka kwenda chooni ananiona, nikianika nguo anaziona. Heri greda."

Na usidhani alikuwa anatania. Wapo mama wakwe wa siku hizi wanaokumbatiana na wakwe zao ukumbini, wanapiga na picha. Hao ni wao. Kwa Mama Kunegunda mkwe ni mkwe. Miaka tisa Lidwina ameolewa, na kwa miaka tisa hiyo Rupert na mama mkwe wake hawajawahi kushikana mkono, hawajala chakula meza moja, hawajaitana majina. Kanisani mama akikaa kulia, Rupert anakaa kushoto. Wakikutana njiani Rupert anaingia kwenye mahindi ya watu mpaka mama apite. Kulikuwa na namna ya kuyamaliza: mkwe analeta jembe na kuku mbele ya wazee, haya inafutwa, watu wanaanza kusemezana. Lakini mwaka wa kwanza mahari ilikuwa haijaisha, mwaka wa tatu Mzee Raphael akafariki, halafu ikawa imepita sana, na jambo lililopita sana nalo lina aibu yake. Likazoeleka hivyo.

"Mama," Lidwina alisema, sauti imeshuka, "huna pengine."

Mama alilitupa tambara. Alizunguka karavani mara moja, mara ya pili, kama mtu aliyepoteza funguo. Aliporudi alisema, "Mlango uangalie mgomba. Ukiangalia nyumba yake, sishuki."

*

Ijumaa asubuhi mama akiwa misani, Rupert alikuja kupima. Ni mtu mrefu, mkimya, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na mikono yake ina madoa ya cheche mpaka kwenye viwiko. Aliinua pua kwa mikono yake mwenyewe, akaisikilizia, akaishusha. Akaitikia kwa kichwa. Haikuwa mbaya. Mtu mmoja anainua, gurudumu moja zuri litabeba.

Jumamosi nzima hakugusa kazi ya mtu. Alichukua gurudumu la toroli lake mwenyewe, lile analobebea mageti ya wateja, akalitia beringi mpya. Akakata bomba nene kuliko la Wazungu, ndani akaweka skrubu ya jeki kuukuu ya lori, juu mpini wa nondo. Alipomaliza akalisimamisha, akapanda juu yake na miguu miwili, akarukaruka.

"Litakuua!" Lidwina alipiga kelele kutoka jikoni.

"Hili?" Rupert akacheka, kitu ambacho hakifanyi mara nyingi. "Hili litanizika mimi."

Lakini kule Mshangano nako kazi ilikuwa inafanyika. Tangu Ijumaa jioni Mama Kunegunda alikuwa anatoa mahindi kwenye kibanda chake cha nyuma, ambacho nacho kilikuwa na X. Ndoo kichwani, anaingia ndani ya karavani, anamimina kwenye magunia chini ya kitanda cha mbele, anatoka tena. Nyuma ya karavani palivuja, ndiyo maana aliweka mbele. Magunia matatu yakajaa. Halafu debe mbili za maharage. Halafu jiwe la kusagia, alilolivuta juu ya kipande cha mkeka, anapumzika, anavuta. Juu akatandika shuka safi likafika chini.

Hakumwambia mtu. Alikuwa amekubali kukaa uwanjani kwa mkwe, lakini kula ugali wa mkwe, hapana. Angekula wa kwake mpaka mavuno mengine. Na hilo huwezi kulisema, kwa sababu ni kumwambia mwanaume mbele ya watu kwamba hawezi kulisha, na ni kumwambia mwanao kwamba sufuria lake hulitaki.

*

Jumapili baada ya misa Rupert alikuja kulifunga gurudumu. Umeme waliuvuta kwa waya kutoka kwa Mama Theodosia, jirani wa ukuta wa pili, mwanamke ambaye hata ukimwomba chumvi anataka kujua inaenda kwenye mboga gani. Alileta kigoda chake, akakaa hapo hapo ukutani, miguu ameinyoosha.

Mama Kunegunda aliwasikia wanakuja akaingia ndani, akakaa juu ya kitanda cha mbele, dirisha wazi. Kutoka alipokaa mpaka alipopiga magoti Rupert ni hatua mbili. Kila neno alilisikia.

Rupert alishika pua, akainua. Pua haikwenda. Akatema mate mikononi, akainua tena. Ikapanda kidogo, mishipa ya shingo ikamtoka, akaiachia.

"Lidwina. Muulize mama, kuna kitu kimeongezwa huku mbele?"

Lidwina akageukia dirisha. "Mama, anauliza kuna kitu kimeongezwa mbele?"

"Nimesikia. Mwambie ni nguo."

"Anasema ni nguo."

"Nimesikia. Muulize vizuri. Nguo haziwezi kulemea hivi."

"Mwambie ni nguo zangu," likasema dirisha.

"Nguo gani lakini? Za chuma? Lidwina, muulize ni nguo gani."

Mama Theodosia akapiga mapaja yake. "Mawee! Fundi, unataka mama mkwe wako akutajie na nguo zake za ndani? Sema tu, tuzianike hapa uzihesabu!"

Alicheka mpaka kigoda kikaegemea ukuta. Rupert aliinamisha uso. Masikio yake yaliwaka kama kile chuma alichokuwa anachomelea. Hakuuliza tena.

Akafanya alichoweza. Pale gurudumu linaposhikwa kwenye fremu, chuma cha Wazungu kilikuwa kimeliwa na kutu, akataka akitie viraka viwili vya bati nene, vya pembetatu, kushoto na kulia. Cha kushoto alikichomelea vizuri kabisa. Cha kulia hakifikiki kutoka nje. Ilitakiwa alale chali chini ya karavani, kichwa chini ya sakafu, yaani chini ya kitanda ambacho mama mkwe amekikalia.

Akabaki na kiraka mkononi.

"Muombe mama atoke kidogo."

"Mama, unaombwa utoke kidogo."

Mama akitoka, mtu ataingia kuchungulia zile nguo. "Mwambie kichwa kinaniuma. Nimelala."

Rupert angeweza kuingia chini tu. Mtu mwingine angeingia. Yeye alikitazama kile kiraka, akakirudisha kwenye mfuko wa vifaa. "Kimoja kitatosha," alisema, na usiku wote aligeuka geuka kitandani, mpaka Lidwina akamuuliza kama ana malaria.

*

Jumatatu saa tatu Bakili alishafika na trekta lake, ameliacha barabarani kwa sababu kwenye kichochoro halipiti. Bakili ni mtu wa Tunduru, Myao, na tangu ahamie Songea kazi yake ya pili baada ya kulima ni kuwatania Wangoni.

"Haya watani! Leteni hiyo nyumba. Mimi sijawahi kuona mtu anahama na kuta zake, labda konokono."

Wanaume sita wa jumuiya walishika. Hatua thelathini, kutoka uani mpaka barabarani, kupitia kandokando ya ukuta wa Mama Theodosia. Mama Kunegunda alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, midomo inatembea. Lidwina alidhani anasali rozari. Rupert akazungusha mpini, pua ikapanda, matofali yakabaki chini wazi kwa mara ya kwanza. Mende wakatawanyika. Watu wakashangilia!

"Sukumeni taratibu. Taratibuuu."

Ikaenda. Kweli ikaenda. Gurudumu la toroli linageuka vizuri, linakata kona, Rupert mbele analiongoza kama mtu anayemvuta ng'ombe mpole. Hatua kumi. Hatua kumi na tano. Kwa mbali greda lilikuwa linanguruma upande wa barabarani, na kila likinguruma wanaume wanasukuma haraka zaidi bila kuambiwa.

Penye mtaro wa maji wa Mama Theodosia gurudumu likaingia kwenye udongo laini. Pua ikainamia kulia. Kilisikika kitu kama kitambaa kinachochanika, ila ni chuma. Gurudumu lenyewe halikuvunjika; fremu ndiyo iliyoachia, upande wa kulia, pale pasipo na kiraka. Pua ikadondoka chini puu, sakafu iliyooza ikapasuka, na mahindi yakaanza kumwagika.

Yalimwagika kama maji ya bomba. Yalijaza mtaro, yakawafunika miguu wasukumaji, na kuku wa Mama Theodosia walifika kabla mtu hajasema neno.

Bakili ndiye aliyesema. "Lahaula! Wangoni nyie! Mtu anahamia kwa mkwe na ghala lake! Rupert, kwako wanalala njaa?"

"Kumbe ndizo nguo!" Mama Theodosia akadakia, na hapo watu wote wakacheka, hata wale sita walioshika, hata waliokuwa hawajui ni nguo gani.

Lidwina hakucheka. Alimtazama mama yake. "Mama. Yaani unadhani mimi nitakunyima ugali?"

Mama Kunegunda aliangalia kushoto, akaangalia kulia, na hapakuwa na mahindi ya mtu ya kuingia ajifiche. Akakaa chini hapo hapo kwenye udongo, na khanga yake mpya ya kuhamia.

Rupert alivua kofia. Watu walidhani anataka kuitupa chini kwa hasira, maana nani asingekasirika? Akapiga magoti mtaroni, akawafukuza kuku kwa mkono, akaanza kuyazoa mahindi kwa ile kofia. Alichota punje kiganjani, akazipuliza vumbi.

"Mahindi mazuri," alisema, kama anaongea na mtaro. "Hayana hata mdudu. Lidwina, mwambie mama, hata mimi nisingekubali kula kwa mtu aliyenikimbia miaka tisa."

Kicheko kikaisha kimoja kimoja. Lidwina aligeuka ili aufikishe ujumbe, lakini mama alikuwa ameshanyanyua mkono kumnyamazisha. Kule barabarani greda lilizima, likawaka tena, karibu zaidi.

"Lidwina, mwambie..." mama akaanza. Akasita. Akaifuta midomo na ncha ya khanga. "Rupert."

Yule mtu alibaki ameinama, kofia imejaa mahindi, kama aliyeitwa na kaburi.

"Rupert, magunia mengine mawili yako upande wa kulia. Maharage yako dirishani. Jiwe la kusagia liko katikati, na ni zito kuliko vyote. Ingia utoe."

"Niingie... humo ndani?"

"Unataka greda ndilo liingie?"

*

Akaingia. Alivua viatu mlangoni kwanza, na Bakili alitaka kusema neno juu ya hivyo viatu, akajizuia, jambo ambalo Wayao wote wa Tunduru wangepaswa kuambiwa. Magunia yakatoka, jiwe likatoka, watu wakawa wanabeba kupeleka juu ya tela la trekta. Lidwina na Mama Theodosia walizoa mtaroni kwa ungo na sufuria. Mama Theodosia alizoa kimya, na kuku wake aliwapiga kwa kandambili.

Umeme ukavutwa tena, Rupert akalala chali, akaingia chini ya sakafu mpaka kifuani. Ukatoka mkono mmoja, unapapasa udongo unatafuta kile kiraka. Mama Kunegunda alikiona ndani ya mfuko wa vifaa. Alikitazama. Akakichukua, akachuchumaa, akakiweka kwenye ule mkono.

"Kiko hiki."

"Asante mama. Na vijiti vya kuchomelea. Usiangalie moto, utaumia macho."

Akajifunika uso na khanga, akawa anampa kijiti kimoja kimoja kwa kupapasa. Cheche zilimrukia miguuni hakusogea. Saa sita kasoro robo kiraka cha kulia kilikuwa kimeshika. Rupert akazungusha chuma kingine juu ya vyote viwili, kama mkanda, akatoka chini amejaa kutu kwenye nywele. Pua ikainuliwa. Safari hii mtu mmoja aliweza.

Greda lilikuwa limeshasimama mdomoni mwa kichochoro, na yule kijana wa rangi amekaa kwenye ngazi yake anatazama saa. Karavani ikampita, X ya pinki na kila kitu.

"Kijana!" Mama Kunegunda alimwita. "Inatembea, haitembei?"

Kijana akasimama wima kabisa. "Inatembea, mama. Shikamoo."

*

Uwanjani kwa Rupert waliisukuma mpaka kwenye mgomba, mlango ukautazama mgomba, mgongo ukaitazama nyumba. Ndivyo ilivyoagizwa. Wanaume walikuwa wanajipangusa, Bakili anashusha magunia, Lidwina anahangaika na uji kwa wageni, halafu anarudi, halafu anasahau alichorudia.

Rupert alisimama hatua tano kutoka kwa mama mkwe wake, macho chini. Zile hatua tano hakujua azifanye nini.

"Mama. Tumeuweka mlango kama ulivyosema."

Mama aliuangalia mlango. Aliuangalia mgomba, majani yake yaliyochanika, jalala la maganda pale chini. Halafu aliangalia kule mbele, kwenye kile kigurudumu cha toroli kilichobeba nyumba yake yote.

"Hili linazunguka pande zote?"

"Pande zote, mama."

Akafunga khanga kiunoni, akaishika pua upande mmoja, akasukuma. Haikwenda. Wanaume wakaruka kusaidia, Rupert akawazuia kwa kiganja. Akazunguka akashika upande wa pili. Wakasukuma wawili, kila mtu ametazama kwake, wamebanwa na ile pua katikati. Gurudumu likalia kidogo, likajikata kwenye udongo, likageuka. Karavani ikaanza kuzunguka polepole. Mlango ukauacha mgomba, ukapita choo, ukapita kamba ya nguo, ukafika mbele ya jiko la Lidwina, na Lidwina amesimama humo na mwiko.

"Hapo," mama alisema, anahema. "Funga."

Rupert akazungusha mpini, akakaza nati. Alibaki ameinama juu yake muda mrefu kuliko nati ilivyohitaji.

"Na usidhani gurudumu ni jembe," mama alisema nyuma yake. "Jembe na kuku utaleta. Wazee waitwe."

"Nitaleta, mama. Jumapili hii."

Mama akaenda kwenye magunia, akachota ndoo moja, akaiinua kichwani, akapita mbele ya watu wote mpaka kwenye kizingiti cha jiko. Akaitua.

"Haya ya kupeleka mashineni," alimwambia Lidwina. "Jumapili tutakula wote. Leo niletee ndani, bado nina aibu."